Sura ya Nne: Mipira Mia Mbili, Kosa Lilelile

"Kocha, nacheza kila Jumamosi. Mbona pigo langu bado ni lile la mwaka jana?"

Hakuna kocha wa tenisi ambaye hajaulizwa hivyo. Na muulizaji huwa si mvivu. Amenunua raketi, anafika uwanjani kabla jua halijawa kali, anatokwa jasho, anarudi nyumbani amechoka. Kwa saa moja huenda amepiga mipira mia mbili. Lakini mpira wa upande wake wa kushoto unaendelea kunasa kwenye wavu, na ule wa kuanzisha mchezo unaendelea kutoka nje palepale ulipokuwa ukitoka.

Jibu la swali lake ni fupi, ingawa kulifanyia kazi kunachukua muda. Mkono haujifunzi kwa kupiga tu. Unajifunza kwa kupiga, kupata jibu, kisha kubadilisha pigo linalofuata. Jibu hilo huitwa mrejesho, yaani taarifa yoyote inayomwonyesha mchezaji pigo lake limefanya nini. Mrejesho ukikosekana, mipira mia mbili inamzoesha mtu kosa lake mpaka linakuwa tabia. Ukizidi, nao una madhara yake, kama itakavyoonekana mbele.

Kutoka Bwiza hadi viwanja vya udongo

Bwiza ni mtaa wa zamani wa Bujumbura. Barabara zake zimenyooka na kukatana, Buyenzi iko jirani, na tangu mwaka 2014 yote miwili imo ndani ya komini ya Mukaza. Hapa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukaa meza moja bila kugombana. Mchezo wa barabarani ni mpira wa miguu. Mtoto akitaka tenisi inambidi atembee hadi katikati ya mji, kwenye viwanja kama vya Cercle Entente Sportive, ambako uso wa uwanja ni udongo mwekundu wa matofali yaliyosagwa.

Nchi ina viwanja vichache, lakini wachezaji wake wamefika mbali. Hassan Ndayishimiye alicheza mashindano ya vijana ya Wimbledon. Guy Iradukunda alikwenda Marekani akaichezea timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida. Sada Nahimana, aliyezaliwa mwaka 2001, alihamia Casablanca, Morocco, kwenye kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, na akacheza mashindano makubwa ya dunia ya vijana. Bujumbura yenyewe iliwahi kuwa na kituo cha ITF cha Afrika Mashariki, ambacho baada ya machafuko ya mwaka 2015 kilihamishiwa Nairobi.

Ni rahisi kudhani kwamba kituo cha namna hiyo kinampa kijana viwanja vizuri na mipira mipya, basi. Vitu hivyo vinasaidia. Lakini kinachomtofautisha kijana wa kituoni na yule wa Jumamosi ni idadi ya majibu anayopata. Mtu yuko pembeni anatazama, zoezi lina shabaha, matokeo yanaandikwa, na kesho yake kazi inaanzia pale ilipoishia. Sehemu kubwa ya mambo hayo haihitaji tiketi ya ndege.

Kwa nini pigo halisahihishwi likiwa njiani

Mpira hukaa kwenye nyuzi za raketi kwa takriban sekunde 0.005. Binadamu anahitaji karibu sekunde 0.2 ili aone kitu na kuanza kuchukua hatua, muda unaozidi ule mara arobaini. Kwa hiyo mchezaji anapohisi mpira umegonga pembeni mwa raketi, mpira umekwisha ondoka. Kumpigia kelele "Fungua raketi!" wakati anapiga ni kumchanganya, kwa sababu hana nafasi ya kutekeleza.

Hapo ndipo kazi ya mrejesho inapoonekana. Taarifa ya pigo la kwanza inafanya kazi kwenye pigo la pili. Mchezaji anayepiga mpira na papo hapo kuufuata mwingine, bila kuangalia wa kwanza uliangukia wapi, ametupa malipo ya kazi yake. Ni kama muuza duka anayeuza kutwa nzima bila kuandika kilichotoka: jioni mkono umechoka, na hajui amepata faida au hasara.

Majibu yanatoka wapi

Mchezaji ana vyanzo vingi vya mrejesho kuliko anavyodhani, na vingi ni vya bure:

- Alama ya mpira. Uwanja wa udongo una zawadi ambayo uwanja wa saruji hauna: mpira ukidunda huacha doa. Mchezaji anaweza kwenda kuliona na kupima hatua ngapi zimebaki kufika mstari wa nyuma.
- Wavu. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Mpira unaopita juu kwa urefu wa raketi moja, karibu sentimita 69, una usalama. Unaopita kwa upana wa kidole umepita kwa bahati.
- Sauti na mtetemo. Mpira ukigonga katikati ya nyuzi, sauti inakuwa safi na kiganja hakitikisiki sana. Ukigonga pembeni, mshiko wa raketi unataka kuzunguka mkononi.
- Simu. Picha ya video iliyopunguzwa kasi inaonyesha kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Simu iwekwe nyuma ya mchezaji, kwa urefu wa kiuno, na kila mara litazamwe jambo moja tu, kwa mfano mahali raketi ilipokutana na mpira.
- Mwenzake. Hata asiyejua tenisi anaweza kuhesabu mingapi iliingia, mingapi ilitoka nje na mingapi ilinasa kwenye wavu.
- Kocha. Huyu ndiye chanzo cha thamani zaidi, na ndiye anayeweza kuharibu vingine vyote akiongea mno.

Kocha anayengoja

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani waliwafundisha watu kusogeza kifaa kwa mkono kwa mpangilio fulani. Kundi moja liliambiwa matokeo baada ya kila jaribio. Kundi jingine liliambiwa katika nusu tu ya majaribio. Baadaye walipimwa bila kuambiwa chochote, na wale wa nusu ndio waliofanya vizuri zaidi. Maelezo yake hayana miujiza. Anayeambiwa kila mara huacha kujisikiliza, na siku ya mashindano, pale anapokuwa peke yake, hana wa kumwambia.

Mtu akizungukia viwanja vya mjini jioni atasikia kinyume cha somo hilo. Kocha anarusha mpira kutoka kwenye kikapu, mtoto anapiga, na kabla mpira haujadunda sauti inatoka: "Magoti! Bega! Geuka! Umechelewa!" Mambo manne kwa pigo moja. Mtoto anatingisha kichwa, na mpira unaofuata unakwenda kulekule.

Njia yenye faida huanza na swali. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi namna hii:

"Umeangukia wapi, mdogo wangu?"

"Mbele ya mstari wa kati, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Umepita chini sana."

"Haya. Ufuatao upitishe wapi?"

"Juu kidogo. Kama raketi nzima."

Kocha hajatoa amri hata moja. Amemfanya mtoto ajipime, akisie sababu, kisha achague la kubadilisha. Kama kisio lake si sahihi, hapo ndipo kocha anaingia na neno moja. Baada ya wiki kadhaa mtoto anaanza kujiuliza maswali hayo mwenyewe, kimyakimya, kati ya pointi moja na nyingine.

Maneno ya kocha nayo yana uzito tofauti. Wanaochunguza ujifunzaji wa michezo wameona mara nyingi kwamba mtu anayefikiria kile anachotaka kitokee nje ya mwili wake, kama njia ya mpira au shabaha, hufanya vizuri kuliko anayefikiria kiwiko au kifundo cha mkono. Kumwambia mchezaji "pitisha mpira juu ya kamba ile" kunaleta mwendo mzuri wa mkono bila kuutaja mkono. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alikuwa na mbinu ya jamaa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1974, The Inner Game of Tennis: mwanafunzi aseme kwa sauti neno moja mpira unapodunda na jingine unapogusa raketi. Anayesema "dunda" na "piga" kwa wakati wake hana nafasi ya kuwaza kiwiko, na macho yake yanalazimika kuufuata mpira.

*Kwa kifupi:* mrejesho utolewe baada ya mchezaji kujipima, uhusu jambo moja, na usitolewe kila pigo.

Mfululizo au mchanganyiko?

Kuna namna mbili za kupanga mazoezi. Katika mazoezi ya mfululizo, mchezaji hupiga mipira hamsini ya pigo la mbele, yaani lile ambalo kiganja cha mkono kinaelekea wavuni. Halafu hamsini ya pigo la nyuma, lile la upande wa pili wa mwili, mgongo wa mkono ukitangulia. Katika mazoezi ya mchanganyiko, mapigo huja bila utaratibu: la mbele, la nyuma, la mbele tena, mpira mfupi, mpira wa juu.

Mazoezi ya mfululizo yanapendeza. Kufikia mpira wa thelathini mchezaji anapiga kama yule anayemwona kwenye televisheni, na kila mtu anaondoka ameridhika. Mchanganyiko unaudhi, kwa sababu makosa ni mengi na hakuna anayejisikia bingwa. Matokeo ya baadaye, hata hivyo, yanaegemea upande wa ule unaoudhi.

Mfano maarufu unatoka kwenye besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga kwa gongo mpira uliorushwa. Mwaka 1994 wachezaji wa chuo kimoja cha California walipewa mazoezi ya ziada kwa wiki sita, kila mara mipira 45 ya aina tatu. Kundi moja lilipiga 15 ya aina ya kwanza, kisha 15 ya pili, kisha 15 ya tatu. Kundi jingine lilirushiwa aina zote tatu zikiwa zimechanganywa. Mwishoni, wale wa mfululizo walikuwa wameboreka kwa takriban asilimia 25. Wa mchanganyiko waliboreka kwa takriban asilimia 57.

Watoto nao wana mfano wao. Mwaka 1978 watoto wa miaka minane walifundishwa kurusha vifuko vidogo vya maharage kwenye shabaha. Baadhi walifanya mazoezi kwa umbali mmoja tu, kama sentimita 90. Wengine walirusha kutoka karibu zaidi na mbali zaidi, kama sentimita 60 na 120, na hawakugusa ule umbali wa katikati. Walipopimwa wote kwa sentimita 90, walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi.

Sababu iko kwenye tendo la kuchagua. Katika mechi, pigo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kutambua mpira gani unakuja na kuamua la kufanya. Mfululizo unamwondolea mchezaji kazi hiyo, kwani ameshajua mpira ujao ni upi.

Hii haina maana kwamba mfululizo ufutwe. Anayejifunza pigo jipya kabisa, au anayebadilisha mshiko wa raketi, anahitaji mipira kumi au ishirini inayofanana ili mwili upate picha. Baada ya hapo mchanganyiko uanze, hata kama pigo bado halijawa zuri.

Mazoezi matano yasiyohitaji kituo

1. Ukuta na mkaa. Björn Borg wa Sweden, aliyekuja kushinda Wimbledon mara tano mfululizo, alianza utotoni kwa kupiga mpira kwenye mlango wa gereji ya kwao. Bwiza haina uhaba wa kuta, ila kila ukuta una mwenyewe: ruhusa iombwe kwanza, na saa za mchana watu wanapolala ziepukwe. Mstari wa kwanza uchorwe kwa mkaa au chaki sentimita 91 kutoka chini, huo ndio wavu. Wa pili uchorwe kama sentimita 70 juu yake. Mpira ugonge kati ya mistari hiyo, mchezaji akiwa hatua saba au nane kutoka ukutani, pigo la mbele na la nyuma kwa kupokezana. Kabla mpira haujarudi aseme "juu", "chini" au "ndani". Ukirudi kwa kasi inayomzidi, audundishe mara mbili. Bila mistari, ukuta ni mshauri mbaya, kwa sababu unarudisha kila kitu, hata mpira ambao uwanjani ungetoka nje.

2. Kamba ya nyuma. Uwanja una mita 23.77 kwa urefu. Mstari wa eneo la kuanzishia uko mita 6.40 kutoka wavuni na ule wa nyuma mita 11.89. Kamba nyepesi ilazwe katikati ya mistari hiyo miwili, kama mita 2.7 kutoka mstari wa nyuma. Mchezaji apige mipira kumi, kisha ahesabu madoa yaliyo nyuma ya kamba. Mipira inayoanguka huko humzuia mpinzani kusogea mbele na kushambulia.

3. Kona kwa kona. Wachezaji wawili wapigiane kwa mshazari. Njia hiyo inapita juu ya sehemu ya chini kabisa ya wavu, na ina urefu wa kama mita 25, zaidi ya mita moja kuliko mpira ulionyooka. Kwa hiyo ndiyo njia yenye nafasi kubwa ya kukosea bila kuadhibiwa. Kwanza washirikiane wafikishe mipira ishirini bila kukatika. Baadaye washindane hadi pointi kumi na moja.

4. Mipira miwili tu. Kosa la kawaida wakati wa kujifunza kuanzisha ni kusimama na kikapu na kupiga mmoja baada ya mwingine bila kupumua. Katika mechi mchezaji ana nafasi mbili tu kwa kila pointi. Basi ashike mipira miwili, achague kona moja ya eneo la kuanzishia, aweke kopo la mafuta kama shabaha, apige. Akikosa yote miwili, amepoteza pointi. Halafu atembee, abadilishe upande, avute pumzi na kuanza upya. Mashindano makubwa yanampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi, na sekunde hizo ndizo za kusoma jibu la mpira uliopita.

5. Mchanganyiko wenye pointi. Mwenzake arushe mipira bila utaratibu, mfupi, mrefu, kulia, kushoto, na kila mpira uendelee kuchezwa hadi pointi iishe. Zoezi hili lije mwishoni, miguu ikiwa imechoka. Mkenya Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Loresho, Nairobi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakachukua ya pili 6–4, na fainali ikaamuliwa kwa pointi 11–9. Pointi za namna hiyo huchezwa na mwili uliochoka na moyo unaodunda, na hali hiyo lazima mtu aizoee mazoezini.

Majibu ya uongo

Si kila taarifa ni ya kuaminiwa. Mambo matatu humdanganya mchezaji wa Bujumbura.

La kwanza ni mpira uliochoka. Kwa kanuni, mpira mpya ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya saruji unapaswa kuruka kati ya sentimita 135 na 147. Hewa ya ndani ikipungua, haufiki hapo. Mchezaji anayetumia mipira ya mwaka jana anaona mapigo yake yanaanguka mbele ya kamba, anaongeza nguvu, na siku akipewa mipira mipya yote inatoka nje. Kipimo rahisi ni kuangusha mpira wa zamani na mpya kwa pamoja, kutoka urefu uleule. Ikiachana sana, wa zamani ubaki kwa ajili ya ukuta na watoto.

La pili ni mvua. Baada ya manyunyu udongo unashikamana na mpira, mpira unakuwa mzito na kudunda chini. Idadi iliyopatikana siku hiyo isilinganishwe na ya kiangazi.

La tatu ni mwinuko. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya chini ya Bujumbura haiko juu sana ya ziwa. Gitega na Nairobi ziko juu zaidi ya mita 1,219, kiwango ambacho ITF inaanzia kuruhusu mipira maalumu ya miinuko. Huko hewa ni nyepesi, mpira haupungui kasi haraka na unakwenda mbali. Kijana wa Bwiza anayefika Nairobi na kuona mipira yake yote inapita mstari hajasahau pigo, amebadilishiwa hewa. Dawa ni kuongeza mzunguko wa juu, yaani kuusugua mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke kuelekea mbele na kushuka mapema.

Watoto wapewe mpira wa saizi yao

Mtoto wa miaka saba akipewa mpira wa watu wazima, unamruka kichwani. Anajifunza kupiga akiwa amenyoosha mkono juu, na kosa hilo linakua naye. Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 kanuni za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yatumie mipira ya polepole:

- Mwekundu: polepole kwa asilimia 75 kuliko wa kawaida, uwanja wa kama mita 11.
- Wa rangi ya chungwa: polepole kwa asilimia 50, uwanja wa kama mita 18.
- Wa kijani: polepole kwa asilimia 25, uwanja mzima.

Pasipo na mipira ya rangi, ile iliyochoka haikosi kazi. Barabara tulivu, chaki, kamba iliyofungwa kati ya viti viwili na mpira usiodunda juu vinampa mtoto mipira inayomfikia kiunoni. Hapo anaweza kurudisha kumi mfululizo na kuona kila mmoja ulipoangukia, kitu ambacho uwanja mkubwa ungemnyima.

Pigo linapoharibika kwanza

Anayebadilisha pigo aonywe mapema: kwa muda fulani atacheza vibaya zaidi. Novak Djokovic wa Serbia, tayari akiwa bingwa wa Australia wa mwaka 2008, alimwajiri Todd Martin mwaka 2009 na mwendo wake wa kuanzisha ukabadilika. Mwaka 2010 ulijaa makosa mawili mawili, yaani kukosa nafasi zote mbili za kuanzisha, na ushirikiano huo ukavunjika. Djokovic alirudi kwenye mwendo uliomfaa akiwa na kocha wake Marian Vajda. Mwaka 2011 alianza msimu kwa kushinda mechi 41 bila kupoteza, akachukua Australia, Wimbledon na Marekani.

Kisa hicho kina mafunzo mawili yanayovutana. Kuporomoka kwa wiki chache hakuthibitishi kwamba badiliko ni baya, kwa sababu mwili unaacha njia uliyoizoea kabla haujaimudu mpya. Lakini kukiendelea miezi, ushahidi usikilizwe, hata kama aliyeshauri ana jina kubwa. Wa kuamua kati ya hayo mawili ni rekodi iliyoandikwa, maana kumbukumbu ya mchezaji humpendelea au humwonea.

Daftari la wiki nne

Daftari la shule na kalamu vinatosha. Kila siku ya mazoezi ijazwe mistari minne: tarehe, zoezi, idadi iliyofanikiwa kati ya majaribio, na jambo moja la kubadilisha siku inayofuata. Mpango unaweza kuwa hivi:

- Wiki ya kwanza: kupima tu. Mipira ishirini ya pigo la mbele, ishirini ya pigo la nyuma, ishirini ya kuanzisha. Hakuna kusahihisha.
- Wiki ya pili: pigo moja lichaguliwe, lile lenye idadi ndogo. Ukuta mara tatu, kamba mara moja. Nusu ya muda iwe mfululizo, nusu mchanganyiko.
- Wiki ya tatu: mchanganyiko utawale. Kocha au mwenzake aulize kwanza, aseme baadaye, na kati ya mipira kumi azungumzie miwili au mitatu.
- Wiki ya nne: mazoezi mawili yenye pointi, siku mbili za kupumzika, kisha kipimo cha wiki ya kwanza kirudiwe.

Kipimo hicho cha mwisho kina sharti lake. Kifanyike mwanzoni mwa siku, baada ya kupasha mwili moto kidogo, kabla ya zoezi lolote la pigo lenyewe. Idadi inayopatikana mwishoni mwa saa nzima ya mazoezi huwa kubwa kwa sababu mkono umeshazoea kwa siku hiyo tu, na kesho yake sehemu yake imeyeyuka. Mchezaji aliyeanza na mapigo ya nyuma 7 kati ya 20, akapata 14 mwishoni mwa mazoezi ya Jumanne na 8 mwanzoni mwa Jumamosi, aandike 8, kisha arudie wiki ya pili akiwa na mfululizo mchache zaidi. Akipata 11 mwanzoni mwa Jumamosi, ahamie pigo la pili kwenye orodha yake.